Ukingo wa Mto Alioninyima Baba

Baba yangu alininyima hatua ishirini za ardhi, akampa mtu wa Samburu ambaye hata saa moja hawakuwa wamejuana. Sasa nimekuwa mzee, nina wajukuu wanaonisomea magazeti, lakini nikilikumbuka jambo hilo bado kitu hunipanda kifuani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa msaidizi wa bwana shamba, ofisi yetu ikiwa Kwale, na eneo langu lilikuwa bonde la mto mmoja unaoteremka kutoka vilima vya Shimba, ukapita katika mashamba yetu, ukaingia baharini kati ya Diani na Msambweni. Wenye mashamba walikuwa wamekata miti ya ukingoni, mikuyu na mizambarau, wakapanda migomba na mahindi mpaka jembe likagusa maji. Mvua ikinyesha, udongo wote ulishuka mtoni, na watu wa chini wakachota tope. Tena miti ile ilikuwa njia ya mbega, wale wanyama weusi wenye manyoya meupe mabegani, ambao hawapendi kukanyaga chini. Walikuwa wakitoka juu msituni hadi misitu ya Diani bila kushuka, mti hadi mti. Mti ukikosekana, njia imekatika.

Kazi yangu ilikuwa kumwomba kila mwenye shamba aache hatua ishirini kutoka majini bila kulima, miti ikue tena. Akikubali, tulipiga vigingi vilivyopakwa chokaa ili mpaka ujulikane.

Nilianzia kwa baba. Nilidhani nikimpata yeye nimewapata wote, kwa kuwa shamba lake lilikuwa katikati ya bonde na maneno yake yalikuwa na uzito. Nilikwenda asubuhi, nimevaa viatu vya ngozi na soksi ndefu za kazi, karatasi mkononi. Nilimkuta amechuchumaa anapalilia mihogo, na jirani yake, yule mwenye mikorosho na ardhi ng'ambo zote mbili za mto, amesimama karibu wakizungumza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umekuja kama mwanangu au kama serikali?"

Jirani alicheka. Nami nilijibu kwamba nimekuja kikazi, nikafungua karatasi nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilipofika kwenye hatua ishirini, baba aliinua uso.

"Sheria ya nani hiyo? Ile ya Mzungu au hii mpya?"

"Si sheria, baba. Ni maombi."

"Maombi hayaandikwi. Mzungu alituchimbisha matuta kwa kiboko, na karatasi zake zilifanana na hizo. Halafu nikiwaachia ngedere na nguruwe mwitu msitu mlangoni pangu, mahindi yangu utayalinda wewe?"

Nilitaka kumweleza, lakini alikwisha inama kwenye mihogo yake. Nilirudi kwenye baiskeli yangu nikisikia jirani akicheka nyuma yangu.

Kwa miezi sita iliyofuata katika bonde lile, nilipata wawili tu waliokubali, na mmoja alikubali kwa sababu ukingo wake ulikuwa mwamba mtupu.

Ndipo alipoletwa mwenzangu. Alikuwa kijana wa Kiduruma kutoka Samburu, ile ya huku pwani upande wa nyika kavu, mfupi, mchangamfu, jino lake moja la mbele limemegeka. Alisoma chuo kilekile nilichosoma, mwaka mmoja nyuma yangu, kwa hiyo kazini alikuwa chini yangu. Bwana shamba aliniambia nimtembeze bondeni nimwonyeshe kazi. Nami, Mungu anisamehe, shamba la kwanza nililompeleka lilikuwa la baba. Nilimpeleka kwa makusudi. Nilitaka akataliwe kama nilivyokataliwa, tena mbele yangu.

Tulifika jua limeanza kuwa kali. Baba alikuwa barazani, anasuka kamba. Mwenzangu alimwamkia, akaketi chini kwenye mkeka bila kungoja kiti, akaomba maji ya kunywa. Dada yangu akaleta kata. Alikunywa taratibu, akayashikilia mdomoni kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akatazama ndani ya kata.

"Baba," akasema, "maji haya mmeanza lini kuyatuliza?"

Baba aliacha kamba. Kweli nyumbani kwetu siku hizo maji ya mtoni yalikuwa yakiwekwa mtungini usiku mzima, tope lishuke, ndipo yanywewe. Mimi nilikuwa nimelizoea jambo hilo hata sikuliona tena.

"Wewe umejuaje kwamba yametulizwa?"

"Kwetu hatuna mto, baba. Mama alikuwa akifukua mchanga wa korongo kwa mikono, anangoja maji yajikusanye, anayachota kwa kifuu. Nimekulia kwenye maji ya kutulizwa. Yana ladha yake. Lakini sikudhani nitayakuta kwa watu wenye mto."

Baba aligeukia upande wa mtoni. Akasema, "Tangu nilipoikata ile mikuyu. Ule mwaka wa kwanza tulidhani ni mvua nyingi."

Alilisema yeye mwenyewe. Karatasi zangu zote zilikuwa na neno hilo, na siku hiyo hakuna aliyemsomea. Alisimama, akavaa makubadhi, akamshika yule kijana mkono, mkono kwa mkono kama marafiki wa utotoni, wakashuka mtoni. Mimi niliwafuata nyuma. Baba alimwonyesha palipokuwa na mti ambao babu alitundikia mizinga ya nyuki. Alimwonyesha mahali pa kina ambapo yeye na ndugu zake walijifunza kuogelea, sasa pamejaa mchanga hata kuku anavuka. Mimi ni mwanawe wa kwanza, nilizaliwa katika shamba lile, na mambo hayo nilikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza, nikiwa nyuma yao, nikitazama visogo vyao.

"Na mahindi, baba?" mwenzangu aliuliza. "Ngedere hawatayala?"

"Watayala. Nitapanda mihogo michungu mstari wa mbele, wachoke. Leta vigingi vyako."

Vigingi vilikuwa kwenye baiskeli yangu. Nilivileta mimi.

Baada ya hapo bonde lilifunguka. Watu walisema, ikiwa mzee yule amekubali, sisi ni nani? Hata jirani mwenye mikorosho aliruhusu vigingi vipigwe kwake, ingawa kwa uso wa kukunja. Katika muda wa kuvuna mpunga mara moja, safu nyeupe ya vigingi ilikwenda kutoka chini ya vilima hadi karibu na barabara ya Msambweni. Bwana shamba alimsifu mwenzangu ofisini mbele ya wote, akaniambia na mimi nijifunze kwake. Nijifunze, kwa mtu niliyemwonyesha hata mahali pa kufunga baiskeli.

Lakini la ofisini ningalilivumilia. La nyumbani ndilo lililoniunguza. Yule kijana alikuwa amepanga chumba Kombani, hana ndugu karibu, basi baba akaamuru kila Ijumaa aje kula nyumbani. Hakuwa Mwislamu, alingoja nje mpaka tutoke msikitini, kisha akatembea na baba hadi nyumbani wakitaniana, Mdigo na Mduruma, utani ule wa watani wa tangu jadi. Baba alimwambia, "Nyinyi mnaoga kwa Krismasi tu," naye akajibu, "Na nyinyi mna mto mnaunywa kwa kijiko." Baba alicheka hata akashika mbavu. Nikawa nahesabu vicheko vile. Nikawa natazama ni nani aliyepewa kichwa cha samaki. Mama alikuwa akimwekea ukoko wa wali wa nazi, kwa sababu siku moja alisema anaupenda. Na mimi naupenda tangu utotoni, lakini hakuna aliyeniuliza. Ijumaa moja baba alimwita "mwanangu", akamwomba ammiminie maji ya kunawa, na mkono wangu ulikwisha shika birika.

Sikumchukia kwa sababu alikuwa mbaya. Lau angalikuwa mbaya ningalipumzika.

Nilifanya nililolifanya siku ya soko, hapo Kombani. Nilikuwa mkahawani nakunywa chai ya tangawizi, akaingia jirani mwenye mikorosho, akaketi mbele yangu. Aliagiza mahamri, akaniuliza habari za kazi, kisha akainama.

"Hebu niambie wewe, mtoto wa nyumbani. Vigingi vile vina nini?"

Siku zile hofu ya ardhi ilikuwa kila mahali. Watu wa bara walikwisha gawiwa mashamba upande wa Shimba, na ufukweni Diani viwanja vilikuwa vikipewa hati moja baada ya nyingine. Kila mwenye minazi isiyo na karatasi alijiuliza ni lini zamu yake. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba vigingi vyetu havikuwa na siri yoyote, kwa maana nilivipaka chokaa kwa mkono wangu.

Nikasema, "Mimi sijui, ami. Lakini kigingi hakipigwi bure."

"Yaani serikali itachukua?"

"Ardhi isiyolimwa ni msitu. Na msitu ni wa nani?"

Nikaweka kikombe chini, nikaaga. Maneno matatu manne tu. Nilipopanda baiskeli moyo wangu ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na wepesi ule ndio unaonitia haya zaidi nikikumbuka.

Sikudhani yatakwenda mbali. Nilidhani watanung'unika kidogo, watamkazia macho yule kijana, watamnyima ukarimu. Siku ya nne nilikuwa napita darajani nikasikia mashoka. Si shoka moja. Bonde zima lilikuwa likigonga. Niliacha baiskeli nikashuka. Wenye mashamba wote, baba zao na wake zao, walikuwa ukingoni wanakata kila kilichosimama, michipukizi na miti mikubwa iliyokuwa imesalia, ili serikali ikija ikute shamba na si msitu. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa na kutupwa majini, vinaelea vyeupe kuelekea baharini. Jirani mwenye mikorosho alikuwa amevua shati, anaangusha mkuyu ambao hata babu yake aliuacha.

Baba peke yake hakukata. Alikuwa amesimama kwenye mpaka wake, panga mkononi, si kwa kukata bali kwa kuzuia. Watu walimpigia kelele kwamba atawaponza. Hakusogea. Na juu yake, katika miti michache ya ukingo wake, walikuwa mbega, kundi zima, mama na watoto, wamekimbilia hapo kutoka pande zote mbili. Walikuwa wamekaa kimya, mikia mirefu myeupe imening'inia, hawana pa kwenda mbele wala nyuma.

Mvua za masika zilikuja baada ya wiki mbili. Ukingo ulimeguka vipande vipande, migomba ikaenda na udongo wake, na maji yaliyofika kwa watu wa chini yalikuwa mekundu kama matofali. Hata kufulia hayakufaa. Bwana shamba akaitisha baraza, penye uwanja wa shule. Alikuja amekasirika. Aliuliza mbele ya wazee wote ni nani aliyewaambia watu kwamba ardhi itachukuliwa, na macho yake yalimwendea yule kijana, kwa kuwa ndiye aliyepiga vigingi, na huenda alieleza vibaya.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha bwana shamba, nimeshika daftari. Nikajifanya naandika.

Jirani mwenye mikorosho akainuka. "Huyo kijana hakutuambia. Aliyetuambia ni huyo hapo nyuma yako. Mtoto wa mzee yule."

Baba alikuwa safu ya mbele. Hakugeuka kunitazama. Alitazama mikono yake tu. Nikawa natafuta uwongo lakini sikuupata upesi.

Ndipo mwenzangu akasimama. "Bwana, kosa ni langu," akasema. "Nilipokuwa nikimweleza mwenzangu mipango ya ofisi nilisema neno la ardhi isiyolimwa, nikalisema vibaya. Yeye alirudia alilolisikia kwangu."

Hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Bwana shamba alimfokea mbele ya watu wote, akamwambia atapelekwa wilaya nyingine mwisho wa mwezi. Watu wakaguna. Mimi sikufungua mdomo. Na nieleze kweli nilichokihisi, kwa maana nikificha hapa sina haja ya kuandika: sikushukuru. Niliona wivu. Hata aibu yangu alikuwa ameichukua yeye, akaivaa, ikampendeza.

Nilimfuata jioni ile njia ya Kombani. "Kwa nini ulinifunika?" nikamwuliza.

Alisimamisha baiskeli. Hakuwa na hasira, alionekana amechoka tu. "Sikukufunika wewe. Nilimfunika mzee. Ulimwona alivyotazama mikono yake?"

Nilimwona. Lakini mimi nilikuwa nikiangalia uso wangu mwenyewe.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini nikamwambia bwana shamba ukweli. Natamani niseme ni ushujaa, lakini nilikuwa sikulala na nilijua baba hakuuamini uwongo wa mwenzangu. Nilikatwa cheo nikarudishwa kuwa mtu wa kugawa mbegu. Uhamisho wa mwenzangu haukubadilishwa. Barua ilikwisha kwenda. Siku ya kuondoka kwake baba alimsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea sanduku kichwani, mzee yule, na kijana akajaribu kumnyang'anya sanduku njia nzima.

Nilimkuta baba mtoni siku iliyofuata. Alikuwa akichimba mashimo ukingoni, karibu na shamba la jirani, na pembeni ameweka miche ya mikuyu aliyoing'oa kwake. Nilichukua jembe la pili. Tulichimba mashimo matano sita. Mwishowe nikauliza lile nililokuwa nalo tangu siku ya kwanza.

"Baba, mimi nilikuomba jambo lilelile. Ukamkubalia mgeni. Kwa nini?"

Alipangusa jasho. "Siku ile ulipokuja nilikuwa nimechuchumaa. Ukanisomea umesimama, mbele ya jirani. Mwanangu niliyemuuzia ng'ombe asome, amekuja kunisomea nimsikie kutoka chini." Akachimba tena kidogo. "Nilikuwa na choyo na shule yako. Iliniondolea mtoto ikanirudishia karani. Na ningekuambia hayo lini? Hukukaa."

Nilishika mche, akafukia udongo.

Kazi ile ilituchukua miaka. Sikuwa tena na karatasi wala cheo cha kumtisha mtu. Nilikwenda shamba kwa shamba na jembe begani, nikachuchumaa, nikachimba na watu mashimo yao kabla ya kutaja miti. Wengine walinifukuza, wakanikumbusha mkahawa wa Kombani, na walikuwa na haki. Jirani mwenye mikorosho alinikatalia miaka mitatu. Mwaka wa nne kisima chake kilichanganyika na tope, akanituma mtu niende na miche. Miti iliposhikana matawi, mbega walianza kupita tena kwenda Diani, kwanza dume mmoja anayejaribu, kisha kundi. Maji nayo yalirudi polepole, si kama yale ya zamani, lakini mama aliacha kuyatuliza.

Mwenzangu alikuwa akimwandikia baba barua kutoka huko alikopelekwa. Baba alisoma herufi za Kiarabu tu, hizi za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo aliyemsomea ni mimi. Kila baada ya miezi miwili mitatu niliketi naye barazani, nikafungua bahasha, nikamsomea mapenzi ya mtu mwingine kwa sauti yangu. Alimweleza habari za mabwawa wanayochimba, za mke aliyemwoa, za mtoto aliyezaliwa. Baba alisikiliza amefumba macho.

Barua moja ilikuwa na mstari uliosema: "Baba, nakukumbuka wewe zaidi ya ninavyomkumbuka aliyenizaa." Nikauruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye salamu za mwisho.

Baba hakufumbua macho. "Rudi nyuma," akasema. "Pumzi yako imekatika mahali. Kuna neno umelimeza."

Nikarudi nyuma, nikausoma ule mstari. Sikuruka neno, wala jina lake mwishoni. Baba akaniambia nichukue kalamu.

"Andika: nami vilevile."

Nikaandika.